Watu wa Dar wenye mashamba Kisarawe, njooni mfyeke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo limenikaa kooni tangu mihogo ya jirani yangu ilipoliwa na nguruwe pori. Wasomaji wako wengi wako Dar es Salaam, na wengi wao, kama si wao basi shemeji zao, wana kipande cha ardhi huku Pwani. Barua hii ni yao. Kama huna shamba isome tu, huenda bosi wako analo.

Mimi nilikuwa mama lishe Buguruni, jirani na soko. Nimewapikia makuli, madereva wa malori, wauza vitunguu na makarani, mpaka magoti yakagoma kuinama mbele ya jiko. Watoto wangu wakasema, mama, sasa pumzika. Kwa mwenzangu aliyezaliwa Singida au Bukoba, kupumzika maana yake ni kurudi kwao. Mimi nimezaliwa Ilala, mama yangu kazaliwa Ilala, na kwao marehemu mume wangu ni Kigoma, ambako nimefika kwa misiba tu. Kila Desemba nilikuwa naangalia mabasi yanajaa watu na mabegi, wanakwenda kwao kula sikukuu, na mimi nabaki kuwauzia chai ya safari. Basi nikaamua na mimi ninunue kwetu. Hela ya vikoba na ile niliyoificha watoto wasiijue vikanipatia eneo wilaya ya Kisarawe, kata ya Masaki.

Naam, Masaki. Nikiwapigia simu wenzangu wa Buguruni nikawaambia nipo Masaki, wanauliza kama nimeolewa na balozi. Hii ni Masaki ya mihogo, Mhariri, siyo ile ya matajiri wa Dar, haina ufukwe wala ubalozi.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na baraza, choo nje, na jiko la makuti nyuma. Umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, upo. Kuunganishiwa huku kijijini ni shilingi 27,000, ila wayaringi ni mfuko wako na fundi wako. Maji nanunua kwa dumu mpaka mvua inyeshe nikinge ya bati. Masika barabara inageuka tope na bodaboda anapandisha bei kadiri anavyochafuka. Mbu wapo. Umbea upo pia, tena wa huku una uvumilivu, habari yako inakungoja wiki nzima mpaka utoke mwenyewe uje kuisikia. Sitaki mtu asome barua hii akadhani nakisifia kijiji.

Lakini tatizo langu la kwanza lilikuwa sufuria. Mkono wangu haujui kipimo kidogo. Naosha mchele wa mtu mmoja, ukiiva nakuta wali wa watu kumi na wawili. Mwanangu wa Tabata akaninunulia visufuria vidogo vya kupendeza, nikapikia humo mara mbili, nikaona nachezea vyombo vya watoto, nikarudia langu. Wakaanza kuja wajukuu wa jirani. Kwanza walisimama kwenye mgomba, wakasogea kwenye kidato cha baraza, mwisho wakawa wanafika na sahani zao mkononi. Siku moja bibi yao akaja na ungo wa kunde. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, tukaulizana hali za watu wote tunaowajua na wengine ambao mimi siwajui kabisa. Ndipo akasema: "Mwanangu, unanilishia wajukuu, na mimi kunde zangu nimlishe nani? Pokea." Toka siku hiyo mimi na bibi huyu tumekuwa watu wa kuitana.

Kilichoniingiza kijijini hasa ni msiba. Mjini tumezoea kundi la simu, mtu anaahidi elfu ishirini, anatuma elfu kumi, anaandika poleni na kuweka mikono iliyofumbatana. Huku unakwenda na kitu mkononi, bakuli la unga, kuni, ndoo ya maji, na ukishaweka chini kitu chako unakaa, kazi iko palepale. Nikakuta kina mama wamebandika wali wa watu wengi kwenye mafiga, moto mkubwa mno, chini unaungua na juu mbichi. Nilijizuia. Kweli nilijizuia, maana mgeni hashiki mwiko wa watu. Harufu ya ukoko ilipozidi nikainuka. Nikavuta kuni nje nikabakiza makaa, nikamwagia maji ya moto pembezoni tu, nikageuza sehemu ya juu bila kukorogea chini, nikafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Hakuna aliyesema neno. Kilipofunuliwa, mama mmoja akasema kwa sauti kumwambia mwenzake, siyo mimi: "Huyu wa Dar mkono wake siyo wa ofisini." Sasa hivi hakuna shughuli inayopita bila kuitwa. Wanaonilipa hakuna, ila sijanunua nazi muda mrefu.

Nimeyasema hayo ili wenye mashamba wajue kwamba anayeandika siyo mwenyeji mwenye kinyongo na wageni. Mimi ni mgeni kama wao. Sasa nije kwenye nguruwe.

Bibi wa kunde na mzee wake walikuwa na shamba la mihogo aina ya Kiroba, ile mitamu inayopendwa na wakaanga mihogo wa mjini. Ilikuwa imebaki kidogo tu dalali wa mihogo aje aitazame ikiwa ardhini. Asubuhi moja nikasikia bibi ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nikakuta mashina yamelala chini na majani yake bado mabichi kabisa, kama watu walioanguka wakiwa wamevaa. Udongo umefukuliwa mistari mirefu. Muhogo mmoja umetafunwa nusu, alama za meno zinaonekana, mwingine umevunjwa na kuachwa bila hata kuonjwa. Hilo ndilo lililomuuma bibi. Angekula akashiba, alikuwa anasema, angekula akashiba.

Na muhogo ukishavunjwa haungoji mnunuzi. Kesho yake ndani umeshapiga mistari ya bluu, keshokutwa hata mbuzi anausita. Tukakaa chini na visu, sisi, wajukuu na kina mama wa pale kitongojini, tukamenya tuliyoweza na kuanika makopa juu ya bati langu. Mihogo iliyokuwa inakwenda kuwa ada na sare za shule imekuwa makopa ya kula nyumbani.

Mzee akaniambia njoo uone. Tukafuata nyayo. Hazikwenda mbali, zilivuka njia ya miguu zikaingia moja kwa moja kwenye shamba la jirani yao, ambalo siyo shamba. Ni kichaka kizito, na katikati kuna vinjia vya chinichini vilivyolainishwa kwa kupitwa, mtu hawezi kupita bila kutambaa. Nguruwe pori hutembea usiku. Mchana anataka mahali penye giza alale, na mwenye shamba amemjengea. Mbele ya kichaka hicho kuna bikoni nne za mipaka na kibao cha bluu kilichoandikwa SHAMBA HILI HALIUZWI. OGOPA MATAPELI. Miti imeshakikumbatia kibao, unasoma HALIUZWI na MATAPELI tu, namba ya simu imeliwa na jua.

Vibao vya namna hiyo huku havihesabiki. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,098,668 Mkoa wa Pwani. Ile ya 2022 ikahesabu 2,024,947. Ndani ya ongezeko hilo tumo wastaafu na wenye viwanja, sawa, tumehesabiwa. Lakini wapo wengine ambao huku wamewakilishwa na kibao tu, na kibao hakifyeki.

Sisemi nguruwe wote wanazaliwa kwenye mashamba ya watu wa Dar. Kisarawe ina misitu yake, Kazimzumbwi iko hukuhuku, na wanyama walikuwepo kabla ya korosho na kabla ya mimi. Wazee wanasema tofauti ya sasa ni umbali. Zamani mashamba yalikuwa yamepakana, mtu na mtu, wote wanalima na wote wanaamia, yaani wanalinda mazao. Nguruwe alipotoka msituni alikuwa na safari ndefu ya kupita mbele ya madungu ya watu, vile vichanja vya kulindia shamba. Siku hizi kila baada ya mashamba mawili kuna kichaka cha bosi, anapumzika humo, anasikiliza, anaendelea.

Kwa hiyo mzee wa umri ule analala juu ya dungu, ana tochi na debe la kugonga. Nimewahi kupanda dungu lile mchana tu, ngazi yake ni vijiti vitano, nikashuka nikiwa namuomba Mungu anisamehe. Na msiseme wawaue. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujiendea kuwinda bila kibali, na wanakijiji wanaijua kuliko mnavyodhani. Tena wengi hapa ni Waislamu, nyama yake haiwahusu. Nguruwe hana faida kwao akiwa hai wala akiwa amekufa.

Mwenye shamba lile aliwahi kuja. Nilikuwepo. Alikuja Jumamosi na gari la vioo vyeusi na rafiki zake, wakaweka viti kwenye kivuli cha mwembe ulio nje ya bikoni zake (mwembe ni wa kijiji, lakini tuache), wakachoma nyama, wakapigana picha na kichaka nyuma. Mzee akavaa kanzu safi, akaenda. Sisi tulikaa barazani kwangu tunaangalia.

"Karibuni shamba, mwanangu. Habari za Dar?"

"Nzuri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuwaona, na nina neno dogo kuhusu hili..."

Hakumaliza. Yule bwana, kwa heshima zote, tena kwa tabasamu, alikwisha ingiza mkono mfukoni. Akampa noti. "Ya soda, mzee wangu." Akamgeukia mwenzake wakaendelea na mazungumzo yao. Mzee alisimama pale kidogo, akashukuru, akarudi. Mkewe akamuuliza, vipi? Akasema: "Kanipa elfu mbili. Neno langu nimerudi nalo."

Mhariri, nimehudumia watu maisha yangu yote na najua dharau zinavyofanana. Ile haikuwa dharau, ndiyo maana inanisumbua. Yule bwana aliona mzee wa kijijini anakuja, akajua jibu kabla ya swali. Kwake yeye mtu wa huku akikusogelea anaomba. Haikumpitia kwamba anaweza kuwa amekuja kumdai.

Na anamdai. Wengi mnaonunua huku mnadhani mkataba ukishapigwa muhuri basi mmemaliza. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, ya mwaka 1999, na chini ya sheria hiyo kumuuzia mtu wa nje kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sheria hiyohiyo inasema ardhi inayomilikiwa kimila ikikaa bila kutumika kwa miaka isiyopungua mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Sikusoma sheria nikiwa napika maharage. Nimeyasikia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mimi sikosi, maana niliandikishwa kwenye daftari la wakazi na wenzangu wananisubiri. Pale ndipo yanaposomwa mapato na matumizi, ndipo panapogombwa kuhusu ng'ombe na njia na kisima. Sijawahi kuona mwenye kibao hata mmoja. Mtasema hamkai huku. Sawa, lakini mwenyekiti hawezi kuwafukuza mkija kusikiliza, na mwembe una kivuli cha kutosha, mnakijua.

Kwenye mkutano mmoja suala la vichaka lilizungumzwa kwa urefu. Vijana walitaka ukali, wazee wakataka maelewano. Mama mmoja akasema mwenye shamba asiyefyeka awaache walio jirani naye walime, watalisafisha bure. Hapo ndipo penye hofu yenu, na ninyi nawaelewa. Mnaogopa kwamba ukimpa mtu alime leo, kesho amepanda mikorosho, na siku unataka shamba lako anadai fidia ya miti. Pwani mti ni shahidi. Lakini hofu hiyo ina dawa na wenyeji wenyewe ndio waliitaja: mnaandikishana ofisi ya kijiji, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, kwamba ni mazao ya msimu tu, kunde, choroko, ufuta, mahindi, mtama. Hakuna mkorosho, hakuna mnazi, hakuna mwembe. Hata muhogo uandikwe, maana unakaa ardhini karibu mwaka. Msimu ukiisha anatoka, wewe umelindiwa bikoni zako bila kumlipa mlinzi, na nguruwe amekosa kitanda.

Usipotaka hilo, fyekesha. Vijana wapo, bei mnapatana, na mkija mwezi wa nane au wa tisa mnakuta wana nafasi kabla ya vuli. Ila kufyeka siyo kuchoma. Kuna mmoja alituma hela kwa simu, vijana wake wakaona njia ya mkato ni kiberiti. Moto ukavuka, ukaingia kwenye mikorosho ya watu ikiwa katika maua, wakati wenyewe wameshaipulizia dawa ya salfa. Ukiwa mjini kiangazi ni joto tu na feni. Huku ndiyo wakati mtu anahesabu maua anapiga hesabu ya bati.

Najua pia wapo mnaofikiria kuhamia kabisa. Huwa nakutana nao Kisarawe mjini, ninapokwenda kuchukua dawa zangu za presha. Kimji hicho kiko juu, asubuhi kina kibaridi cha kuvaa kanga mbili, na wastaafu wa Dar wamejaa, wamejenga nyumba nzuri zenye ukuta na geti. Kila mmoja ananilalamikia upweke. Nawaambia hamieni, mji wala usiogopwe, hospitali ipo, soko lipo, gari za Gongo la Mboto zipo. Lakini ukuta ule wa futi nane unamzuia nani? Mwizi anaujua mlango wako. Anayezuiwa ni bibi mwenye ungo wa kunde, hawezi kugonga geti la chuma aulize kama umepika.

Mwisho nina ujumbe kwa mtu mmoja, naomba usiufute. Wewe mwenye kibao cha bluu, uliyekuja Jumamosi na viti: noti yako mzee aliiweka kwenye mchango wa msiba, jina lako liliandikwa, "Jirani wa Dar, 2,000". Namba ya kwenye kibao haisomeki na ile uliyomwachia kijana wa bodaboda haipatikani. Nguruwe walirudi tena wiki iliyopita, safari hii kwenye kunde. Ukija, usianzie shambani kwako. Pita kwangu kwanza, nyumba ya pili baada ya kisima, yenye jiko la makuti. Nitakubandikia wali, na mzee atakaa nawe akumalizie neno lake.

Mama Lishe Mstaafu,
Masaki, Kisarawe